Robert Koch: Daktari aliyeyapima mafuta ya kunukia dhidi ya bakteria

KWA karne nyingi watu wa mataifa mbalimbali wameamini kwamba kitu chenye harufu kali hufukuza maradhi. Wamisri wa kale walihifadhi maiti za wakubwa wao kwa utomvu na mafuta ya mimea, matabibu wa Ulaya walitembea na viungo puani wakati wa tauni, na wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki waliweka karafuu kwenye jino linalouma kabla ya kufikiria kwenda hospitali.

Imani hiyo haikuwa ya bure, lakini kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema ni kwa kiasi gani ilikuwa kweli. Miongoni mwa watu wa kwanza kuitoa katika masimulizi na kuiingiza katika vipimo ni Robert Koch, daktari wa Kijerumani anayekumbukwa zaidi kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu.

Koch, aliyeishi kati ya mwaka 1843 na 1910, na ambaye alifika zaidi ya mara moja katika ardhi ambayo leo ni Tanzania na Uganda, aliacha funzo linalowahusu mpaka leo wale wanaouza na wanaonunua mafuta ya mimea kwa ajili ya tiba. Funzo hilo ni kwamba kumuua bakteria ndani ya chupa ni jambo moja, na kumuua ndani ya mwili wa binadamu ni jambo jingine. La kusikitisha ni kwamba yeye mwenyewe, aliyelijua hilo kuliko wengi wa zama zake, alifika mahali akalipuuza, na walioumia ni wagonjwa.

Mtoto wa mji wa migodi

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na familia ilikuwa kubwa, kwani wazazi wake walijaliwa watoto 13. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kusoma gazeti bila ya kufundishwa na mtu.

Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen, ambako hatimaye alisomea udaktari. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, msomi aliyeandika tangu mwaka 1840 kwamba maradhi ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Wakati huo rai hiyo ilikosa ushahidi, na madaktari wengi waliendelea kuamini kuwa hewa chafu ndiyo chanzo cha maradhi.

Koch alihitimu mwaka 1866, na mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz, ambaye alizaa naye mtoto mmoja wa kike, Gertrud. Baada ya kuhangaika na ajira katika miji kadhaa midogo, na baada ya kuhudumu kama daktari katika vita vya Prussia na Ufaransa vya 1870 hadi 1871, aliteuliwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wolsztyn.

Huko hakukuwa na maabara, maktaba wala wasomi wa kushauriana nao. Alikuwa na hadubini, chumba alichokitenga nyumbani kwake, na ugonjwa uliokuwa ukiua mifugo ya wakulima wa eneo hilo. Ugonjwa huo ni kimeta.

Watafiti wengine walikwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta, lakini hakuna aliyejua vilikuwa na maana gani. Koch alichukua damu hiyo kwa vijiti vya mti alivyovichoma kwanza katika joto, akawaambukiza panya, kisha akawakuza bakteria hao katika majimaji ya jicho la ng'ombe. Alikaa kwenye hadubini akiwatazama wakirefuka, kisha wakitengeneza ndani yao punje ndogo zinazong'aa. Punje hizo ni spora, yaani umbo ambalo bakteria hujificha ndani yake anapokosa chakula, na ambalo huweza kudumu udongoni kwa miaka mingi likisubiri mnyama mwingine.

Mwaka 1876 alipeleka kazi yake kwa Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea katika chuo kikuu cha Breslau, ambaye aliikubali na kuichapisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha maisha kamili ya bakteria mmoja na kumhusisha moja kwa moja na ugonjwa mmoja. Daktari wa mji mdogo akawa mtu wa kuzungumzwa Ulaya nzima.

Jaribio la uzi wa hariri

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola. Huko alipewa maabara na wasaidizi, miongoni mwao Friedrich Loeffler na Georg Gaffky, na mojawapo ya kazi zilizomkabili ilikuwa kujua ni dawa gani hasa zinaua vijidudu.

Hilo halikuwa swali dogo. Tangu mwaka 1865 daktari Mwingereza Joseph Lister alikuwa amewaonyesha wapasuaji kwamba vidonda vikisafishwa kwa asidi ya kaboliki haviozi, na wagonjwa wengi huokoka. Baada ya hapo kila hospitali, kila bandari na kila jeshi lilikuwa na dawa yake ya kusafishia. Wengine walitumia moshi wa salfa, wengine klorini, wengine mafuta ya tapentaini yanayotokana na utomvu wa misonobari, na wengine thimoli, kiungo kinachopatikana katika mimea kama zaatari. Nyingi zilisifiwa kwa sababu tu ziliondoa harufu mbaya ya usaha.

Koch aliona kuwa harufu si kipimo. Alichukua nyuzi za hariri, akazilowesha katika majimaji yenye spora za kimeta na kuzikausha. Kisha alizitumbukiza nyuzi hizo katika kila dawa aliyotaka kuijaribu, na baada ya muda maalumu akaziweka juu ya jelatini yenye chakula cha bakteria. Kama bakteria waliota, dawa ilikuwa imeshindwa. Kama hawakuota, hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza kama wamekufa au wamezuiwa tu kuota.

Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 1881, yaliwashtua wengi. Asidi ya kaboliki, iliyokuwa ikitegemewa kila mahali, iliua spora baada ya siku kadhaa tu hata ilipokuwa kali, na ilipochanganywa na mafuta ya kula au pombe kali haikuzidhuru kabisa. Chumvi ya zebaki ndiyo iliyoonekana kuwa na nguvu kuliko zote. Yeye na wenzake walionyesha pia kuwa mvuke wa maji unaochemka husafisha vizuri kuliko hewa kavu yenye joto, na hospitali mpaka leo husafisha vyombo vyake kwa mvuke.

Katika orodha ya vitu alivyovipima yalikuwamo mafuta ya kunukia ya mimea, yaani yale yanayopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua, magome au mbegu, na kisha kuupoza mvuke huo. Alipima mafuta ya tapentaini, ya haradali na ya nanaa, pamoja na thimoli. Aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha baadhi ya mafuta hayo, hasa ya haradali, kilitosha kuwazuia bakteria wa kimeta wasikue. Lakini spora zilikuwa jambo jingine, kwani hata tapentaini ilihitaji siku, si dakika, ili kuziua.

Hapo ndipo Koch alipoweka tofauti ambayo haijaondoka katika sayansi tangu wakati huo. Kitu kinachomzuia bakteria asizaliane si lazima kiwe kinamuua. Bakteria aliyezuiwa anaweza kusubiri dawa ipungue, kisha akaanza upya.

Hata yeye hakusalimika na mtego huo. Mwaka 1889 mtafiti mwingine wa Kijerumani, Julius Geppert, alionyesha kwamba mabaki ya zebaki yaliyong'ang'ania kwenye uzi wa hariri ndiyo yaliyokuwa yakiwazuia bakteria wasiote, na kwamba mabaki hayo yakiondolewa, spora zilizodhaniwa kuwa zimekufa huota tena. Nguvu ya zebaki ilikuwa imekadiriwa kupita kiasi.

Mafuta yanavyomuua bakteria

Koch alijua kuwa mafuta hayo yanafanya kazi, lakini zana za wakati wake hazikuweza kumwonyesha yanafanyaje. Maelezo yalikuja katika karne ya 20, baada ya wanasayansi kuweza kuchunguza kile kinachotokea ndani ya seli moja ya bakteria.

Bakteria ni seli moja iliyozungushiwa utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta na protini. Utando huo ni ukuta na mlango kwa pamoja. Huhifadhi ndani chumvi ambazo seli haiwezi kuishi bila hizo, kama vile potasiamu, na ni juu ya utando huo huo ndipo bakteria wengi hutengenezea sehemu kubwa ya nguvu ya kuendeshea maisha yao.

Thimoli ya zaatari, kavakroli inayopatikana katika oregano, na yujenoli ya karafuu ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa fenoli, ambao asidi ya kaboliki ya Lister nayo ni wa humo. Viungo hivyo hupenda mafuta kuliko maji. Vikiwekwa katika majimaji yenye bakteria, huyakimbia maji na kujipenyeza katika utando wa seli. Utando hulegea na kupoteza mpangilio wake, potasiamu huanza kuvuja nje, nguvu ya seli hushuka, na kiasi kikiwa kikubwa cha kutosha, vilivyomo ndani humwagika na bakteria hufa.

Mafuta ya haradali hufuata njia nyingine. Kiungo chake kikali, kile kile kinachowasha pua na macho, huzishika protini za bakteria, vikiwamo vimeng'enya vinavyoendesha kazi za seli, na kuziharibu zisiweze kufanya kazi yake.

Maelezo hayo yanafafanua pia kwa nini spora zilimshinda Koch. Spora ni seli iliyolala. Imekauka ndani, karibu haina shughuli yoyote ya uhai, na imefunikwa na maganda magumu ambayo mafuta hupenya kwa shida.

Aidha, bakteria hawalingani kwa udhaifu. Mwaka 1884 mtafiti kutoka Denmark, Hans Christian Gram, akiwa Berlin, alibuni rangi inayowagawa bakteria katika makundi mawili makubwa. Baadaye ilijulikana kuwa kundi moja lina utando wa ziada kwa nje, unaozuia vitu vyenye asili ya mafuta visipite kwa urahisi. Ndiyo maana Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu, kwa kawaida huathiriwa na mafuta ya kunukia kwa wepesi zaidi kuliko Pseudomonas aeruginosa, ambaye huwasumbua wagonjwa wenye majeraha ya moto. Bakteria wa kifua kikuu naye ana ukuta wake wa pekee, wenye nta nyingi.

Kifua kikuu na ahadi ya mwaka 1890

Agosti 1881 Koch alikwenda London katika mkutano wa kimataifa wa madaktari na kuonyesha njia yake mpya ya kuwatenganisha bakteria juu ya jelatini ngumu, badala ya kuwakuza kwa mchanganyiko ndani ya supu. Lister na Mfaransa Louis Pasteur walikuwapo. Muda mfupi baadaye, kwa ushauri wa Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, jelatini iliyokuwa ikiyeyuka kwa joto ilibadilishwa kwa agari inayotokana na mwani. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Richard Petri, akaongeza kisahani chenye kifuniko, ambacho bado kinabeba jina lake.

Kwa njia hizo, Machi 24, 1882, Koch alisimama mbele ya wanachama wa Chama cha Fiziolojia cha Berlin na kutangaza kwamba amempata bakteria anayesababisha kifua kikuu. Wakati huo ilikadiriwa kuwa ugonjwa huo ulikuwa ukiua mtu mmoja kati ya kila saba. Tarehe hiyo ndiyo leo huadhimishwa kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka uliofuata aliongoza msafara wa Wajerumani kwenda Misri na India, na mwanzoni mwa 1884 akaripoti kutoka Calcutta kuwa amemtambua bakteria wa kipindupindu. Mwaka 1885 akawa profesa wa afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Berlin. Umaarufu wake ukawa mkubwa, na matarajio juu yake yakawa makubwa vilevile. Wananchi na serikali walimtazamia sasa alete dawa ya ugonjwa alioufichua.

Kwa muda mrefu Koch alifanya kazi hiyo kimya kimya. Agosti 1890, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari uliofanyika Berlin, alieleza alivyopima vitu vingi dhidi ya bakteria wa kifua kikuu. Aliyataja tena mafuta ya kunukia, pamoja na rangi zitokanazo na lami ya makaa ya mawe, mvuke wa zebaki, na michanganyiko ya fedha na dhahabu. Vyote hivyo viliwazuia bakteria kukua ndani ya chupa, vingine kwa kiasi kidogo sana. Lakini, alieleza, vilipopewa wanyama wenye kifua kikuu havikuwasaidia kitu.

Ni vigumu kupata maelezo bora ya tofauti kati ya chupa na mwili. Ndani ya chupa mafuta hukutana na bakteria moja kwa moja. Ndani ya mwili hunaswa na mafuta na protini za damu, hubadilishwa na ini, husambaa katika lita nyingi za majimaji, na kiasi kinachotakiwa kumfikia bakteria aliyejificha ndani ya pafu kinaweza kumdhuru mgonjwa kabla ya kumdhuru bakteria.

Hata hivyo, katika hotuba hiyo hiyo Koch alisema kwamba hatimaye amepata kitu kinachozuia ugonjwa huo hata ndani ya mwili wa wanyama wa maabara, bila ya kukitaja. Novemba mwaka huo kilitolewa kwa wagonjwa kikiwa bado siri. Baadaye kiliitwa tuberkulini, nacho kilikuwa majimaji ya glisirini yaliyotokana na bakteria wenyewe wa kifua kikuu.

Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande wa Ulaya, wengi wakiwa mahututi. Hoteli zilijaa watu wanaokohoa. Kwa miezi michache ilionekana kama kwamba adui mkuu wa karne ameshindwa. Kisha habari mbaya zikaanza kufika. Wagonjwa walipata homa kali, wengine hali zao zilizidi kuwa mbaya, na wengine walifariki. Rudolf Virchow, daktari mkongwe wa Berlin, alipopasua maiti zao mwanzoni mwa 1891 aliona kuwa dawa haikuwa imewaua bakteria, na kwamba katika baadhi ya miili ugonjwa ulikuwa umesambaa zaidi.

Tuberkulini haikuwa tiba. Baadaye ilipata kazi nyingine yenye faida, ile ya kupimia kwenye ngozi kama mtu amewahi kuambukizwa, na kipimo hicho bado kinatumika. Lakini kwa maelfu ya watu waliosafiri kwa matumaini, faida hiyo haikuwafikia. Dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu, streptomycin, iligunduliwa Marekani mwaka 1943, nayo ilitokana na bakteria wa udongoni.

Mwaka 1891 serikali ilimfungulia Koch taasisi yake ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin. Mwaka 1893 alimtaliki Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30, jambo lililozua maneno mengi katika jamii ya Kijerumani ya wakati huo.

Dar es Salaam, Amani na Sese

Kuanzia mwaka 1896 Koch alitumia sehemu kubwa ya maisha yake nje ya Ulaya. Alianzia Afrika Kusini, alikochunguza sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe, akaenda India kwa ajili ya tauni, na mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya koloni la Ujerumani. Huko alichunguza malaria na matumizi ya kwinini, na tauni iliyokuwa ikiripotiwa kutoka Kiziba, magharibi ya Ziwa Victoria.

Alirudi tena mwaka 1905. Safari hiyo alichunguza ugonjwa ambao wenyeji waliufahamu vizuri, homa ya papasi. Wasafiri wa misafara walijua kwamba mtu akilala katika vibanda vya njiani huumwa na papasi na baadaye hushikwa na homa inayoondoka na kurudi. Koch alionyesha kwamba papasi hubeba vijidudu vya homa hiyo, na kwamba jike lililoambukizwa huvipitisha katika mayai yake, hivyo watoto wake huzaliwa tayari wakiwa hatari. Watafiti waliokuwa Uganda na Kongo walifikia matokeo yanayofanana kuhusu papasi wakati ule ule.

Mwishoni mwa mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 aliongoza msafara mwingine, wa kuchunguza malale. Ulianzia katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, kisha ukavuka hadi visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, vilivyokuwa chini ya Waingereza. Malale yalikuwa yameua watu wengi sana katika pwani za ziwa hilo, na visiwa vya Sese vilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya zaidi.

Koch aliweka kambi katika kisiwa cha Bugala na kuwatibu zaidi ya wagonjwa 1,000 kwa dawa iitwayo atoxyl, yenye arseniki ndani yake. Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha kuwa dawa hiyo inaua vimelea vya malale katika wanyama. Kwa binadamu, sindano zilipunguza vimelea katika damu kwa muda, kisha vikarudi. Dozi zikaongezwa. Wagonjwa walipata maumivu makali, wengine walitoroka, na zaidi ya 20 wakawa vipofu wasiopona.

Wanahistoria wengi wa leo wanaiona kazi hiyo kuwa doa katika maisha yake. Watu wa Sese hawakuwa na uwezo wa kukataa kama aliokuwa nao mgonjwa wa Berlin, na Koch alipendekeza kwa serikali ya kikoloni kambi za kuwatenga wagonjwa kwa lazima. Kosa la kitabibu lilikuwa ndugu wa lile la mwaka 1890, yaani kudhani kwamba kinachofanikiwa kwa mnyama wa maabara kitafanikiwa kwa mtu, na kuongeza dozi pale ushahidi unapopungua.

Kifo chake na kilichobaki

Koch alifariki dunia Mei 27, 1910 huko Baden-Baden kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yaliwekwa ndani ya taasisi yake ya Berlin, ambayo leo inaitwa kwa jina lake.

Njia yake ya kupima imebaki. Kila maabara inayotaka kujua nguvu ya mafuta ya mmea dhidi ya bakteria huuliza maswali mawili yale yale ya mwaka 1881, yaani ni kiasi gani kidogo kabisa kinachomzuia bakteria asikue, na ni kiasi gani kinachomuua. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji na huruka haraka hewani, kupata jibu sahihi ni kazi inayodai uangalifu mkubwa.

Kwa wakazi wa Zanzibar jambo hilo si la mbali. Pemba hukamua mafuta kutokana na makonyo ya karafuu, na kiungo chake kikuu ni yujenoli. Madaktari wa meno huitumia yujenoli wakiichanganya na oksaidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda na kutuliza maumivu. Hapo mafuta hukutana na mahali panapohusika moja kwa moja, kwa kiasi kinachojulikana. Lakini mafuta hayo hayo yakimezwa kwa wingi huweza kuharibu ini, na watoto wadogo ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Katika miaka hii ambapo bakteria wengi wamekuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka, watafiti wa nchi nyingi wameirudia mimea kutafuta silaha mpya, na taarifa za mafuta yaliyoua bakteria huchapishwa kila mara. Nyingi ni za kweli, na nyingi zinaishia kwenye kisahani cha Petri. Anayeuziwa chupa ya mafuta kwa maelezo kwamba yanatibu kifua kikuu au homa ya matumbo ana haki ya kuuliza yalijaribiwa wapi, kwa kiasi gani, na kama bakteria walikufa au walisimama tu. Wakati anaitafutia majibu chupa hiyo, dawa za hospitali asiziache.